Babu Hajarudi

Pale kona, kati ya duka la vipuri vya redio na ukuta uliokosa rangi siku nyingi, kuna benchi ambalo mgeni akiliona hudhani limeibwa sebuleni kwa watu. Lina mito minne iliyopigiliwa kwa misumari ya vichwa vya shaba, na kila mto una kitambaa chake. Aliyefanya kazi hiyo ni fundi makochi wa mtaa, ambaye kijiweni wanamwita Mzee Sponji. Kila alipomaliza kochi la mteja, kipande kilichobaki alikileta hapa, mpaka kila mwenzake akapata pa kukalia. Mto mwekundu ni wa Mwalimu Kengele, aliyefundisha watoto wadogo mpaka akastaafu. Wa mistari ni wa Waya, fundi redio, mwenye duka. Wa maua ni wa Birika, muuza kahawa, ingawa yeye hukaa kwa nadra kwa sababu daima anamimina. Wa nne, wa ngozi bandia ya rangi ya kahawia, ni wa Mzee Sponji mwenyewe, na tangu shule zifunge kwa likizo ndefu ulikuwa mtupu. Mteja akitaka kuukalia, Birika humwambia: Hapo pana mwenyewe.

Alasiri hiyo mwenyewe akatokea. Alikuja polepole, kofia mkononi, kama mtu anayetoka kumwona mgonjwa.

— Huyo! alisema Waya. Nilidhani umehama mtaa bila kutuaga.

— Nimehamia nyumbani kwangu, alijibu Mzee Sponji. Akakaa, na mto ukatoa pumzi chini yake.

— Na wajukuu?

— Yuko nao Mama Jirani. Amekuja na ungo wake wa maharage, akaniangalia usoni, akasema: Baba, hebu toka nje kidogo, utawatia watoto homa kwa huo uso.

Wakacheka, naye akacheka kidogo. Birika akamwekea kikombe mkononi bila kuulizwa.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa habari za huo uso. Mke wake alifariki kabla ya mvua zilizopita, Mungu amrehemu. Kila likizo ndefu binti yao, anayefanya kazi katika kiwanda cha mikate, alikuwa akiwaleta watoto wake wawili wakae kwa bibi. Wa kike yuko darasa la pili na ana jina la bibi yake, kwa hiyo wote wanamwita Somo. Wa kiume hajaanza shule. Yeye anaitwa Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha kochi, na nyumba nzima ikakesha ikikingoja kitoke. Mwaka huu binti alisema hatawaleta, maana baba yake atachoka. Ni mzee mwenyewe aliyeshikilia. Alisema: Walete. Nitafunga karakana. Bibi yao hayupo, lakini babu yupo.

Akafunga karakana kweli. Akakaa nyumbani nao kutwa, toka chai ya asubuhi mpaka wanapolala.

— Enhe, tupe habari, alisema Mwalimu Kengele. Likizo inakwendaje?

— Mwalimu, maji yamenifika hapa. Mzee Sponji akajigusa shingoni. Nimenunua mpira, ukapasuka siku hiyo hiyo. Nimenunua rangi za kuchorea, wamechora ukuta, wamechora mlango, Kifungo akachora mguu wake na wangu. Nimewakatia sponji nikawajengea nyumba, wakaingia, wakatoka, wakaniuliza: Babu, halafu? Kila kitu ni halafu. Naamka alfajiri nasali, namwomba Mungu afya, namwombea marehemu, kisha namwomba anifundishe kucheza, mzee mzima mimi.

— Mungu anasikia, alisema Birika.

— Anasikia. Lakini leo mchana mama yao amepiga simu. Somo akamwambia: Mama, huku hakuna raha siku hizi. Mama yao akaniambia: Baba, umejitahidi, usijione mbaya. Kesho asubuhi nakuja kuwachukua, nitawapeleka kwa shangazi yao.

— Basi si vizuri? alisema Waya. Utapumzika, ufungue karakana.

Mzee Sponji akanywa funda moja.

— Waya, nyumba yangu unaijua. Wakiondoka wale, tunabaki mimi na saa ya ukutani.

Waya akakuna kidevu.

— Nina leo tu, aliendelea mzee. Nikipata jambo moja la kuwafurahisha usiku huu, wakaamka wanacheka, nitamwambia mama yao awaache. Nisipopata, ndiyo basi. Na wakiondoka hivi, mwaka ujao hawataletwa. Nyie watu wazima, mmelea. Nisaidieni.

Kijiwe kuombwa ushauri waziwazi ni nadra, maana kwa kawaida huutoa kabla ya kuombwa. Wote wakajiweka sawa kwenye mito yao.

— Kosa lako ni ratiba, alianza Mwalimu Kengele. Mtoto bila ratiba ni kama kochi bila miguu. Asubuhi unapiga kengele. Mstarini! Unawakagua kucha. Kisha kipindi cha kwanza, mchezo wa kukaa kimya.

— Huo ni mchezo au adhabu? aliuliza Waya.

— Subiri. Kipindi cha pili, mchezo wa kufikiri. Cha tatu, mapumziko, lakini mapumziko yenye nidhamu. Mwisho wa wiki, mtihani.

— Mtihani wa nini, Mwalimu? Wa kucheza?

— Wa kucheza! Anayefeli anarudia wiki. Na likizo ikiisha tunafanya mahafali hapa hapa kijiweni, na vyeti, na mgeni rasmi. Mimi niko tayari kuwa mgeni rasmi.

— Hapo ndipo ulipokuwa unapataka tangu mwanzo, alisema Birika.

— Acheni shule, watoto wamefunga shule! Waya alisimama, maana hawezi kuzungumza jambo la ufundi akiwa amekaa. Sikilizeni. Mtoto wa siku hizi anazaliwa na chaji. Mama yake amekumbatia simu miezi yote ya mimba, umeme umeingia. Ile chaji isipotumika mpaka jioni, inalipuka. Sasa wewe una makochi. Chukua moja, nifunge usukani, nifunge honi na taa mbili za mbele. Hilo tayari ni basi.

— Basi linakwenda wapi? aliuliza Mzee Sponji.

— Haliendi popote, wao ndio wanaokwenda. Wakilichoka, tunapanda juu ya bati. Nafunga waya mnene toka paa lako mpaka kwenye tangi la maji la Mama Jirani, naning'iniza tenga, Kifungo anaingia, tunamwachia, vuuu!

— Na akifika kwenye tangi?

— Anatua.

— Anatua ndani ya maji!

— Basi ataoga huko huko. Umeokoa muda.

Mzee Sponji alicheka mpaka kahawa ikamdondokea gotini, na wenzake wakafurahi kumwona, ingawa hakuna aliyesema. Birika akaona naye asibaki nyuma.

— Ninyi hamjui watoto. Watoto wanataka kiumbe chenye uhai. Mimi nitaleta bata wawili. Tunachimba kidimbwi nyuma ya nyumba, tunajaza maji, kila mtoto bata wake. Tunafanya mashindano.

— Bata hakimbii, alisema Mwalimu.

— Bata wangu atakimbia, nitazungumza naye. Siku ya pili naongeza mbuzi awe refa. Siku ya tatu watoto wa mtaa mzima wako pale, natengeneza jukwaa la mashabiki, nauza kahawa.

— Unauzia watoto kahawa?

— Nawauzia mashabiki! Wazazi si watakuja kutafuta watoto wao?

— Kumbe huyu anatafuta soko, alisema Waya. Mwenzako ana shida, wewe unachimba kidimbwi cha biashara.

Wakabishana. Bata wakawa sita, waya wa Waya ukavuka tangi ukafika nyumba ya tatu, mahafali ya Mwalimu yakapata bendi. Wakati huo wote Mzee Sponji alikuwa akitabasamu, lakini wenzake walimwona kofia inazunguka vidoleni mwake, inazunguka tu.

— Kuna jambo sijawaambia, alisema hatimaye.

Birika akaweka birika chini.

— Mpira kupasuka si kitu, na kuchora ukuta si kitu. Ila kila siku, baada ya chakula cha mchana, Somo ananijia ananiuliza: Babu, leo huendi kijiweni? Namwambia siendi, mchumba wangu, niko na ninyi. Nafikiri atafurahi, lakini uso wake unaanguka. Kesho yake ananiuliza tena. Juzi Kifungo kachukua ndara zangu, kaziweka mlangoni, kazigeuza ncha zitazame nje. Hajasema neno. Kaniangalia tu.

Akaiweka kofia gotini.

— Wananifukuza, ndugu zangu. Kwa marehemu bibi yao walikuwa hawataki kutoka. Mimi wananiwekea ndara mlangoni.

Waya akakaa. Birika akaanza kufuta vikombe vilivyokuwa visafi.

Wakati huo alikuwa amefika mteja mmoja, mwanamke kijana mwenye viatu vyeupe vya kazini. Ni nesi aliyehamia mtaani siku chache zilizopita, na alikuwa anakwenda zamu. Alikuwa ameagiza kahawa akaipokea, na amesimama pembeni anaipuliza. Alikuwa amesikia yote toka walipokuwa kwenye habari za bata.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, binti.

— Samahani, mimi ni mgeni hapa. Labda nauliza jambo ambalo wote mnalijua. Huyo bibi yao, Mungu amrehemu, yeye alikuwa anawachezesha nini?

Swali lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Mwalimu Kengele alimgeukia Waya, Waya akamgeukia Birika, na wote watatu wakamgeukia Mzee Sponji. Mzee Sponji aliangalia ndani ya kofia yake kana kwamba jibu lingekuwa humo.

— Alikuwa... alianza. Alikuwa anawapikia.

— Hata mimi nawapikia wangu, baba. Lakini watu hawacheki kutwa kwa sababu ya chakula.

— Alikuwa na hadithi, alisema Mwalimu, lakini sauti yake haikuwa ya mwalimu.

— Zipi? aliuliza Birika, naye alikuwa anauliza kweli.

Mwalimu hakuwa na hata moja.

— Mimi nilikuwa nikipita pale jioni jioni, alisema tena, taratibu. Nasikia vicheko vinatoka dirishani mpaka barabarani. Nikisikia vile nilikuwa natabasamu, kisha nakuja zangu huku. Sikuwahi kuuliza.

— Nami nilikwenda kumtengenezea redio likizo iliyopita, alisema Waya. Aliniambia: Fanya haraka baba, mwenye nyumba anakaribia kurudi na sisi tuna kazi. Nikadhani kazi ya jikoni. Lakini sasa nikikumbuka, jiko lilikuwa limezimwa.

Mzee Sponji alikuwa anahesabu likizo zile, na katika kila moja alijikuta mahali pale pale: akitoka karakana, akija moja kwa moja kwenye mto huu wa kahawia, akikaa mpaka jua lichwee. Akirudi alikuta watoto wameogeshwa, macho yanawang'aa, na mke wake amebana midomo kama mtu anayeficha kicheko. Alikuwa anakula, anasali, analala. Kwamba mchana wa watoto unatengenezwa na mtu, kama kochi linavyotengenezwa, hakuwahi kuliwaza. Yeye aliukuta mchana huo umeshamalizika.

— Kuna wawili wanaojua, alisema nesi kwa upole. Akarudisha kikombe, akaaga, akaenda zamu yake.

Birika akainua birika kuwaongezea wazee. Yakatoka matone, kisha mvuke mtupu.

— Imekwisha, alisema.

— Basi nami nakwenda, alisema Mzee Sponji, akasimama.

— Kufanya nini?

— Kuuliza.

Njia ya nyumbani si ndefu, lakini alikwenda kwa mwendo wake wa siku hizi. Tangu mke wake afariki, kilichomwelemea zaidi ya vyote ni mlango wa nyumba yake mwenyewe. Zamani alikuwa na desturi yake ya kurudi. Alikuwa akikung'uta ndara kizingitini, anakohoa, kisha anaita: Hodi wenyewe! Kutoka ndani mke wake alikuwa akijibu, miaka yote ya ndoa yao: Karibu mgeni! Baada ya mazishi aliita mara moja tu, kwa kusahau. Hakuita tena. Tangu siku hiyo, akitoka karakana alikuwa akiingia kimya kama mwizi, ili asisikie hodi yake ikikosa jibu.

Alipokaribia akamwona Mama Jirani amekaa barazani na ungo wake, ameupa mlango mgongo. Mama Jirani alimwona, akainamisha uso haraka kwenye maharage.

— Wako wapi watoto?

— Watoto gani? alisema Mama Jirani, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Ndani palikuwa kimya. Hapakuwa na mtu sebuleni, wala sauti ya mpira, wala ya kugombana. Akakung'uta ndara kwa mazoea tu, akakohoa. Akangoja. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaita neno ambalo hakuwa ameliita mlangoni pale tangu msiba.

— Hodi wenyewe!

— Karibu mgeni! zilijibu sauti mbili nyuma ya pazia.

Mzee Sponji akashika mwimo wa mlango.

Pazia likapasuka kwa vicheko. Somo akaruka nje, mikono juu.

— Kikohozi kwanza! Nimeshinda! Kofia yangu, kofia yangu! Akamnyang'anya babu kofia, akaivaa mpaka ikamfunika macho. Kifungo naye akatoka akiburuta pazia, mdomo umemshuka.

— Mimi nilisema hodi kwanza, alilalamika.

Babu yao akakaa kwenye kochi lililokuwa karibu. Miaka yote wajukuu walikuwa wakimnyang'anya kofia anaporudi. Alidhani ni utundu.

— Mchumba, alisema. Huu ni mchezo gani?

Somo akamtazama mdogo wake, kama mtu anayeomba ruhusa.

— Ni mchezo wa bibi. Wa kukungoja. Bibi alikuwa anatuuliza: leo mwenye nyumba atakohoa kwanza au atapiga hodi kwanza? Kofia itakuwa kichwani au mkononi? Atamtaja nani kwanza, Waya au Mwalimu? Tunabishana, tunakuigiza unavyotembea, tunaoga haraka, tunajificha. Anayeshinda anavaa kofia mpaka chakula.

— Bibi alikuwa anatembea kama wewe, alisema Kifungo. Akaonyesha: tumbo mbele, mikono nyuma, hatua za polepole. Mzee Sponji akajiona mwenyewe, na ndani ya kujiona kule akamwona mke wake sebuleni, anamwigiza kwa upendo, jua la jioni dirishani.

— Kutwa nzima mnafanya hivyo?

— Kutwa. Lakini sasa hutoki, babu. Somo alisema hivyo bila lawama, kama anayemweleza mtu kwamba nje kuna mvua. Mtu asiyetoka hawezi kurudi.

— Na kwa nini hamkuniambia?

— Bibi alisema ukijua utauharibu.

— Sasa nimejua.

Hilo likawa tatizo kubwa. Somo akavua kofia, akafikiri, akairudisha kichwani kwa babu na kuinyoosha.

— Jifanye hujui, alisema. Toka tena.

Kifungo alikuwa ameshazibeba ndara. Akaziweka kizingitini, ncha nje. Safari hii babu yake alizivaa kwa furaha.

Akatoka. Akampita Mama Jirani, ambaye hakuwa anaficha tena kicheko wala machozi. Akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba, akasimama pale na kumshukuru Mungu kimyakimya, na kumwombea marehemu pumziko, na kumwambia marehemu mwenyewe maneno machache ambayo si ya kuandikwa. Kisha akarudi taratibu, tumbo mbele, mikono nyuma.

Alikuwa amefika mlangoni aliposikia simu yake inaita ndani. Alikuwa ameisahau juu ya kochi. Akasikia nyayo ndogo zinakimbia, kisha sauti ya Somo, ya kunong'ona lakini kubwa, kama watoto wanavyonong'ona.

— Haloo, mama! Hapana, mama, kesho usije. Siwezi kuongea. Babu hajarudi, tunamngoja.

Nyayo zikarudi mbio. Kisha nyuma ya pazia:

— Atakohoa. Babu anakohoaga.

— Hodi, alisema Kifungo. Mimi nasema hodi.

Nje, Mzee Sponji alikuwa amesimama, kikohozi chake chote kimekusanyika kooni, kinataka kutoka pamoja na mambo mengine. Akakung'uta ndara. Akakimeza kikohozi, akameza tena mpaka kikashuka, kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa mara ya kwanza.

— Hodi wenyewe! akaita.